Norm Ouellette Anasomea Hadithi

Siku watu wa ofisi ya ajira walipokuja kutueleza tutafanya nini na maisha yetu yaliyobaki, ukumbi wa chama cha wafanyakazi ulijaa mpaka wengine wakakalia makreti ya bia. Kiwanda chetu cha karatasi hapa Bruneau Falls kilikuwa kimefungwa majira ya baridi yalipokuwa yakiisha, na wengi wetu hatukuwahi kuomba kazi mahali pengine popote. Tulimaliza shule, tukavuka daraja, tukaingia getini. Baba zetu walipita hapohapo.

Aliyetumwa kwetu alikuwa Bibi Hadlock, mwanamke mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Akatueleza vizuri, bila kutuchukulia kama watoto. Serikali ingetulipia karo ya miaka miwili katika chuo cha jamii kule ng'ambo ya mto, ilimradi tusomee kazi inayotafuta watu. Akazitaja: kuchomelea vyuma, kuendesha malori, kusaidia wauguzi, kutengeneza majokofu, hesabu za ofisi. Kisha akauliza kama kuna swali.

Normand Ouellette akanyoosha mkono.

Nilikuwa nimekaa naye ubavuni, kama nilivyokaa naye ubavuni kazini miaka mingi. Norm alikuwa na miaka arobaini na minne wakati ule, mtu mwenye mabega ya kubeba milango, na sauti ndogo kuliko mwili wake. Alisimamia mashine ya kukausha karatasi. Mashine ikienda vizuri, ungemkuta amefungua kopo lake la chakula anasoma kitabu cha maktaba kilichofichwa chini ya mkate.

"Nimeona chuoni kuna kozi ya uandishi wa kubuni," akasema. "Kuandika hadithi. Hiyo nayo mnalipia?"

Ukumbi ukacheka. Réjean Pelletier, kaka wa mkewe na mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, akapaza sauti kutoka nyuma: "Shemeji, umetengeneza karatasi nyeupe miaka yote hiyo, leo unataka kuzichafua?"

Wakacheka tena, na Norm mwenyewe akacheka. Lakini mkono hakuushusha.

"Bwana Ouellette," Bibi Hadlock akasema, "hiyo si kazi inayotafuta watu katika wilaya hii."

"Nani amesema?"

"Idara."

"Basi nitaiuliza idara."

Mimi nilichukua majokofu. Kiwanda kiwepo kisiwepo, watu watataka maziwa yao yakae baridi. Sikuona haja ya kufikiri zaidi ya hapo.

Nilimrudisha Norm kwake jioni ile, nikakaribishwa ndani. Mkewe, Jeannine, alikuwa jikoni anakata pai ya nyama, na tulipoingia hakugeuka. Kaka yake alikuwa ameshampigia simu.

"Réjean anasema umetuaibisha ukumbini."

"Niliuliza swali tu."

"Norm, mimi nainua wazee vitandani kule makao ya wazee tangu alfajiri. Mgongo huu ndio unaoweka chakula hapa sasa hivi. Ungeniambia unakwenda kuchomelea vyuma, ningekuelewa hata kama huvipendi. Hadithi? Hadithi utamuuzia nani?"

"Sijui bado."

"Hujui."

"Sijui. Ila toka nimalize shule nimefanya kazi iliyokuwa karibu na nyumba, kwa sababu ilikuwa karibu na nyumba. Sikuichagua hata siku moja, Jeannine. Hii naichagua."

Jeannine akamwekea kipande cha pai mbele yake kwa kishindo kidogo. Akanigeukia mimi. "Na wewe Gil, umechagua nini?"

"Majokofu."

"Mungu akubariki," akasema, akaniongezea kipande cha pili.

Ofisi ya ajira ikamkatalia Norm, kama tulivyojua itafanya. Lakini barua ya kukataa ilisema anaweza kukata rufaa, akionyesha kwamba kazi za namna hiyo zipo. Mtu mwingine angeona hayo ni maneno ya adabu ya kufungia barua. Norm aliyaona ni maelekezo. Msimu mzima wa matope, theluji ikiyeyuka na barabara zikiwa hazipitiki vizuri, alizunguka wilaya kutafuta watu wanaolipwa kwa kuandika. Siku nyingine nilimpeleka mimi, maana sikuwa na la kufanya mpaka chuo kifunguliwe.

Tulimkuta mama mmoja katika kampuni ya bima ambaye kazi yake ni kuandika barua za kuwaambia watu kwamba hawalipwi. Alituambia ni kazi ya ufundi, kumnyima mtu haki yake asije akakuvunjia kioo cha dirisha. Tulimkuta kijana wa hospitalini anayeandika maelekezo ya wagonjwa wanaoruhusiwa kwenda nyumbani. Tulimkuta mzee anayesifia mabuti katika kitabu cha mauzo, na hakuwahi kuvaa hata jozi moja, kwa sababu ana miguu mipana. Na juu ya duka la misumari, katika chumba chenye harufu ya rangi, tulimkuta Odessa Trask, bibi mkavu aliyekuwa akiandika maombi ya ruzuku kwa niaba ya miji midogo.

"Kuna mahali pana pesa na kuna mahali pana shida," Odessa akamwambia. "Hapo katikati lazima akae mtu anayejua kuandika."

"Analipwa huyo mtu?"

"Vibaya. Lakini analipwa kila mwezi."

Mwisho akaenda chuoni kwenyewe, kumwona mwalimu wa kozi ile, Ardith Penhallow. Nilidhani mwalimu atamwuzia ndoto. Hakufanya hivyo.

"Sitakudanganya," akasema, akitukaribisha ofisini kwake, ambako viti vyote vilikuwa na vitabu juu yake. "Wanafunzi wangu wengi hawawi waandishi wa vitabu. Mmoja anaandikia hospitali. Wawili walihamia chuo kikuu, na mmoja wao sasa anafundisha shule ya msingi. Mwingine ana baa, na barua anazoiandikia halmashauri ni nzuri kuliko za mawakili. Wengine wamerudi kwenye kazi walizokuwa nazo. Mimi mwenyewe hapa nalipwa kozi kwa kozi, na kiangazi nauza miche ya nyanya."

"Na bado unaandika?"

"Kila asubuhi."

"Asante, mwalimu," Norm akasema. Akasimama, akarudisha vitabu juu ya kiti alichokuwa amekikalia.

Kikao cha rufaa kilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu. Norm alivaa suti ya mazishi. Akawaeleza juu ya mama wa bima, kijana wa hospitali, mzee wa mabuti, Odessa, mwalimu na miche yake ya nyanya. Hakuficha kitu. Walimsikiliza kwa heshima, mmoja wao hata akacheka mahali pa kucheka. Kisha wakamwandikia kwamba kazi hizo kweli zipo, ila ni chache mno, na rufaa yake imekataliwa.

Jeannine aliisoma barua ile, akaikunja. "Basi. Umejaribu, na mimi nimeona umejaribu."

"Nitajilipia mwenyewe," Norm akasema. "Kozi mojamoja."

Akapata kazi ya kusafisha ukumbi wa michezo wa shule, na baridi ilipokaribia akafunga jembe la kusukumia theluji mbele ya pikapu yake, akawa anafungulia watu njia za nyumba zao. Jeannine alimtazama akilifunga jembe lile. Akamwambia, "Nakupa mwaka mmoja nimefunga mdomo. Baada ya hapo nitafungua."

Tukaanza kwenda chuoni pamoja kila Jumanne na Alhamisi, katika gari langu. Mimi nilishukia karakana ya majokofu, yeye akapanda ghorofani. Darasani kwake kulikuwa na vijana wengi wa miaka kumi na tisa, karani wa posta aliyestaafu, na mama mmoja anayelea wajukuu. Tukirudi alinisimulia yote. Sikuwahi kumsikia Norm akiongea hivyo. Alikuwa anaweza kuzungumza kuhusu neno moja toka chuoni mpaka darajani, mimi nikiwa na mafuta ya kompresa mpaka kwenye viwiko.

Hadithi yake ya kwanza ilihusu mashine ya kukausha, siku karatasi inapokatika na watu wanakimbia. Akaisoma darasani.  Kisha msichana mmoja, Tegan Doyon, mwenye nywele za buluu, anayeuza maandazi pale karibu na kituo cha mafuta, akasema:

"Mashine naiona. Naisikia, hata harufu yake naipata. Lakini huyu mke anaingia, anasema chakula tayari, anatoka. Kwani ni kengele?"

Darasa zima likacheka. Norm alipanda garini, akazikunja karatasi zake mara nne, na tukafika mtoni bado amezishika.

"Yule mtoto amesema kweli," akasema hatimaye.

"Umekasirika?"

"Nimekasirika sana. Angekuwa amekosea nisingekasirika."

Jumamosi ile, wakila maharagwe yao ya kila Jumamosi, akamwuliza mkewe kazini kwake kukoje. Jeannine aliweka kijiko chini akamtazama kama mtu aliyeombwa figo.

"Unaniuliza leo?"

"Nakuuliza leo."

Jeannine akaendelea kula. Lakini siku zilizofuata akaanza kumdondolea, kidogo leo, kidogo kesho. Akamweleza habari za Bibi Thériault, aliyekuwa akiamka kila asubuhi akiuliza kwa nini mumewe hajarudi kutoka kambi ya wakata magogo. Mumewe alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita. Wengine kazini walimwambia ukweli, na bibi akafiwa upya kila siku. Jeannine akawa anamjibu, "Barabara inasafishwa, Bibi. Akipata njia atakuja." Bibi akaridhika, akanywa chai yake.

Norm aliandika habari ile. Aliandika akafuta, akaandika tena, kwa wiki nyingi, mezani jikoni, mkewe akiwa kazini. Alipoisoma darasani Tegan Doyon alijipangusa macho kwa mkono wa sweta. Mwalimu Penhallow akamwambia aipeleke katika jarida moja dogo la hadithi, na jarida likaikubali. Norm alikuja karakanani kunitafuta. Akasimama katikati ya majokofu yaliyofunguliwa matumbo, akaniambia, "Wameichukua."

Jeannine hakumwambia lolote kuhusu hadithi ile. Alitaka aisikie mwenyewe kwenye maktaba ya mji, ambako wanafunzi wa chuo walialikwa kusoma kazi zao alasiri ya Jumapili moja ya Februari. Jeannine alikuja na koti lake la kanisani, pamoja na Réjean na mke wa Réjean. Alikuwa amechana nywele vizuri. Nadhani alikwishaanza kujivunia mumewe, ingawa asingekubali kusema.

Norm akasoma. Ile sauti yake ndogo ilitosha chumba kizima, kwa jinsi watu walivyotulia. Alipofika kwenye maneno "barabara inasafishwa", Jeannine akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Norm alimwona. Akaimaliza hadithi mpaka neno la mwisho, akashukuru watu, akatoka nyuma yake. Alisahau kofia, nami nikamfuata nayo nje. Nikawakuta wamesimama kando ya pikapu.

"Yale ni maneno yangu," Jeannine alikuwa akisema. "Nilimpa yule bibi. Halafu nikakupa wewe, mezani kwetu. Wale ndani sikuwapa."

"Nilibadilisha jina."

"Umebadilisha jina, basi. Bibi yuko hai, Norm. Mwanawe yumo humo ndani, amekaa nyuma ya Réjean. Hakujua kama mama yake anauliza hivyo. Amelijua kwako, mbele ya watu."

Norm akageuka kuutazama mlango wa maktaba. Akauliza, "Ningekuomba ruhusa, ungekubali?"

"Sijui. Ungeuliza, tungejua."

Nikampa kofia yake nikaondoka.

Kesho yake asubuhi alilipigia simu jarida, akaiondoa hadithi. Nilimwambia amerukwa na akili. Jambo la kwanza ambalo mtu yeyote amelikubali kutoka kwake, na yeye analitupa. Angeweza kusubiri, angeweza kumbembeleza Jeannine, angeweza kubadilisha hiki na kile.

"Nitaandika nyingine," akasema.

"Na kama hawataichukua hiyo nyingine?"

"Nitaandika ya baada ya hiyo. Gil, kama siwezi kuandika nyingine, basi sikujifunza kitu pale ghorofani."

Kisha akaenda nyumbani kwa mwana wa Bibi Thériault, peke yake, kumwomba radhi. Alidhani atafukuzwa. Yule bwana akamkaribisha, wakakaa sebuleni. Halafu akauliza kama anaweza kupata nakala ya hadithi ile, aisome polepole. Norm hakumjibu papo hapo. Alirudi kumwuliza Jeannine. Jeannine akaichukua nakala, akampelekea mwenyewe. Walizungumza nini, hakuna aliyetuambia.

Mimi nilimaliza majokofu nikaajiriwa kabla hata ya kupewa cheti. Nikawa natembea toka duka hadi duka nikitengeneza majokofu ya samaki na siagi. Norm aliendelea na kozi mojamoja: ushairi, tamthilia, uandishi wa ripoti za kazi ambao mwalimu Penhallow alimlazimisha kuuchukua. "Utaulalamikia," alimwambia, "kisha utakulisha." Mwaka aliopewa na Jeannine ukaisha, na mwingine ukaanza. Nilimwuliza siku moja mbona hajafungua mdomo. Akasema, "Nimefungua. Namweleza mambo, ananiuliza lipi aandike na lipi asiandike. Hajawahi mtu kuniuliza hivyo."

Hadithi mpya zilikataliwa moja baada ya nyingine. Norm aliziweka barua za kukataliwa kwenye droo ya visu, kwa sababu, alisema, ndiyo droo pekee iliyokuwa na nafasi.

Ghala la familia ya Doucette likaungua mwezi wa Oktoba, mchana kweupe. Ng'ombe waliokolewa lakini ghala likateketea lote, kwa sababu gari la zimamoto la Réjean lilizimika katikati ya mlima na halikuwaka tena. Gari lile lilikuwa kuukuu kiasi kwamba vipuri vyake vilitafutwa makumbusho. Mji haukuwa na uwezo wa kununua jingine.

Nilikuwa jikoni kwa Norm, kichwa changu kikiwa nyuma ya friji yao, Réjean alipoingia. Hakukaa.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Wanasema kuna ruzuku ya vikosi vidogo. Nimejaza maombi mara mbili, wamenikatalia."

"Uliandika nini?"

"Niliandika tunahitaji gari."

"Halafu?"

"Halafu nini? Ndiyo hivyo. Tunahitaji gari."

Jeannine alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Réjean akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini hakuondoka. Norm hakucheka. Akamsogezea kiti kwa mguu.

"Kaa. Nieleze siku ya ghala la Doucette, tangu simu ilipolia."

Réjean hakuwa mtu wa kueleza. Alianza kwa maneno ya ripoti, saa ngapi, watu wangapi. Norm akamwuliza mlimani kulikuwaje. Hapo Réjean akavuta kiti, akakaa. Kisha akasema gari lilipozimika waliruka wote chini, wakachukua mipira ya maji mabegani na kupandisha mlima kwa miguu, moshi wakiuona, sauti za ng'ombe wakizisikia. Mdogo kuliko wote alitapika njiani akaendelea kukimbia. Walipofika juu hapakuwa na maji ya kuingiza kwenye mipira hiyo, maana maji yalikuwa ndani ya gari. Walijua hivyo tangu walipoanza kukimbia. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

"Nikakaa chini barabarani," Réjean akasema. "Mkuu mzima. Nikakaa."

Jeannine alimwekea kaka yake mkono begani. Hakuna aliyemtania.

Norm aliandika kwa siku kadhaa, akampelekea Odessa Trask pale juu ya duka la misumari amwonyeshe maombi kama hayo yanavyopangwa. Odessa akampigia mistari ya kufuta karibu nusu ya kurasa. "Hapa ni pazuri sana," alimwambia, "paondoe." Mahali pa moshi akataka idadi ya nyumba zilizo mbali na bomba la maji. Mahali pa milima akataka ramani. Norm alirudi nyumbani akiwa na ghadhabu, akaziondoa sentensi zake nzuri, ila ile ya watu waliojua hawana maji na bado wakakimbia alikataa kuiondoa. Odessa akaiacha.

Kabla ya kutuma alimsomea Réjean yote.

"Hilo la mimi kukaa chini," Réjean akasema, "litoe."

Norm akalitoa mbele yake, kwa kalamu.

Wakakataliwa. Réjean alitukana kwa Kifaransa cha bibi yake, akasema alijua tangu mwanzo. Norm aliandika kuomba maelezo kwa nini wamekataliwa, akapewa, akakaa nayo wiki nzima, akaanza upya. Alitembea na kikosi kupima umbali. Alikwenda kwa akina Doucette. Akamwomba mwalimu Penhallow asome, na Tegan Doyon pia, ambaye wakati ule alikuwa ameshahamia chuo kikuu lakini alikuja likizo. Tegan akamwambia ukurasa wa nne unachosha. Akaurekebisha ukurasa wa nne.

Safari hii walikubaliwa, na mwaka uliofuata gari likaja. Jekundu, refu kuliko stesheni ya zimamoto yenyewe, ikabidi ukuta wa nyuma uvunjwe usogezwe. Watu walitoka barabarani kulitazama, na Réjean akaliendesha polepole toka kanisani hadi mtoni na kurudi, akapita mbele ya nyumba ya dada yake akapiga king'ora. Alipomkuta Norm dukani siku iliyofuata hakusema asante, maana si mtu wa hivyo. Alisema mbele ya kila mtu, "Shemeji, na paa la stesheni nalo linavuja."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Odessa Trask alikuwa amechoka, akamchukua Norm kwa kazi ya nusu siku, na alipostaafu wilaya ikampa Norm kiti chake. Mshahara ni mdogo kuliko wa kiwandani. Ameandika kuhusu magari ya wagonjwa, paa la maktaba, na maji taka. Anasema hakuna mtu wilaya hii aliyeandika kurasa nyingi zaidi kuhusu maji taka, na kwamba kila mara anajitahidi mahali fulani katikati pawe na mtu, mtu mmoja anayeonekana. Mara nyingine wanampa ruzuku, mara nyingine hawampi, na asipopewa anaomba maelezo.

Alimaliza chuo cha jamii akiwa na miaka arobaini na tisa. Jeannine alikaa mstari wa mbele na koti la kanisani. Hadithi zake mbili zimechapishwa katika majarida yanayomlipa mwandishi kwa kumpa nakala za jarida lenyewe, na sasa chuo kikuu cha jimbo kimempokea kuendelea, darasa la Jumamosi. Anaandika kitabu kuhusu wanawake wanaofanya kazi makao ya wazee. Jeannine na wenzake huja jikoni na kahawa, wanamsimulia, wanabishana, na mmoja akisema "hilo liache", linaachwa. Sura za mwanzo amezipeleka kwa wachapishaji. Mpaka sasa hakuna aliyezitaka.

Jumamosi iliyopita nilipita kwake kurudisha jeki. Nilimkuta uani, amepiga magoti kwenye majani yaliyoganda, anafunga matairi ya theluji.

"Umepata jibu la wale wachapishaji wa mji mkubwa?" nikamwuliza.

"Jana."

"Wanasemaje?"

"Hapana." Akakaza nati, akaijaribu kwa uzito wa mwili. "Mwanamke mmoja kaniandikia sababu, ukurasa mzima. Ana haki sehemu mbili. Ya tatu amekosea."

"Kwa hiyo?"

"Nitarekebisha zile mbili. Nishikie hapo, Gil, darasa linaanza saa nne na bado tairi moja."

Nikashika.